Unapokwama Kupiga Piano kwa Sikio: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulaumu Kipaji

Wapiga kinanda wengi wa makanisani hapa Dodoma, kuanzia Kikuyu hadi Nkuhungu, hawakuanza kwa kusoma nota. Walikaa karibu na mpigaji aliyewatangulia, wakaitazama mikono yake, na siku aliposafiri wakaachiwa kinanda. Njia hiyo imezaa wapigaji wazuri sana, lakini ina upungufu mmoja: mwanafunzi akikwama, hakuna anayemweleza amekwama wapi, naye huishia kuambiwa kwamba hana sikio au hajajaliwa kipaji. Jibu hilo linanisikitisha, kwa sababu karibu kila ninapokaa na mwanafunzi aliyeambiwa hivyo, nakuta tatizo lake lina chanzo kinachoshikika, na mara nyingine chanzo hicho hakimo hata ndani yake, bali kimo kwenye kinanda au kwenye simu anayosikilizia.

Katika maelezo haya, herufi C, D, E, F, G, A na B ni majina ya vibonye, na do, re, mi, fa, so, la, ti ni hatua za skeli, kama zinavyotumika kwenye vitabu vya kwaya vinavyoandika juu ya wimbo kwamba Doh ni F au Doh ni G. Mifano yangu yote iko katika ufunguo wa C, yaani do ikiwa C, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Kipimo cha kuanzia

Kabla ya kuchunguza dalili yoyote, ondoka kwenye kinanda na uimbe kipande kinachokusumbua, bila maneno, kwa "la la la". Ukishindwa kukiimba sawasawa, basi bado hujakisikia, na kuendelea kubahatisha vibonye hakutakusaidia. Rudi kwenye rekodi, sikiliza mstari mmoja tu, uimbe, kisha usikilize tena. Ukikiimba vizuri lakini vidole vinapapasa, sikio lako ni zima, na kilichopungua ni ujuzi wa kujua hatua uliyoiimba inakaa kwenye kibonye gani. Haya ni matatizo mawili yenye tiba tofauti kabisa, na watu wengi huchoka kwa sababu wanatibu lile ambalo hawana.

Dalili: kila unachobonyeza kinapishana kidogo na rekodi

Unapiga wimbo kwenye simu, unatafuta sauti moja tu, na kila kibonye ama kiko juu kidogo ama kiko chini kidogo. Hapa usililaumu sikio, kwa kuwa ndilo lililogundua tofauti hiyo. Chunguza kinanda kwanza. Vinanda vingi vya umeme vina transpozi, yaani kitufe cha kupandisha au kushusha sauti zote kwa nusu toni (umbali wa kibonye kimoja hadi kinachofuata, vyeusi vikihesabiwa), na vina pia sehemu ya kurekebisha sauti kwa vipimo vidogo kuliko nusu toni. Pale ambapo wapigaji watatu au wanne wanatumia kinanda kimoja, ni jambo la kawaida kumkuta mwanafunzi anayeamini kwamba anabonyeza C, kumbe inatoka D, kwa sababu aliyetangulia aliiacha transpozi kwenye +2. Baadhi ya vinanda hurudi kwenye sifuri vikizimwa na kuwashwa, vingine huhifadhi mpangilio wa mwisho, kwa hiyo zoea kutazama kioo cha kinanda kila unapoketi.

Kipimo cha uhakika ni programu ya simu ya kutunia gitaa. Bonyeza A iliyo juu ya C ya katikati; ikisoma 440 Hz, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, kinanda hakina neno, na chanzo kiko kwenye rekodi. Kanda za zamani zilizonakiliwa mara kwa mara hukimbia au huvuta kidogo, na sauti hupanda au hushuka pamoja na mwendo huo. Wapiga gitaa nao mara nyingine hutunia kwa kusikilizana wao kwa wao bila kipimo cha nje. Ukikuta rekodi ambayo A yake iko karibu na 453 Hz, ujue imekaa katikati kabisa ya A na kibonye cheusi kinachofuata, na hakuna kibonye kitakachokubaliana nayo. Ingia kwenye sehemu ya kurekebisha sauti, pandisha kidogo kidogo hadi kinanda na rekodi vikutane, fanya mazoezi yako, kisha urudishe 440 kabla ya kuinuka. Kufanya mazoezi huku sauti zikigongana hulifundisha sikio kuvumilia kosa, na hilo ni gumu kuliondoa baadaye.

Kwaya inayoimba bila ala nayo hushuka. Ikianza kwenye F, ikifika ubeti wa tatu huenda imeshakaribia E, na mpigaji anayeingia hapo husikika kama aliyekosea, ingawa amebonyeza kilekile kilichotolewa mwanzoni. Tiba yake ni kupiga taratibu tangu ubeti wa kwanza ili waimbaji wawe na pa kushikilia, au kungoja wamalize na kuwapa sauti upya. Kuwafukuza kwa transpozi katikati ya ubeti huleta mvurugo mkubwa zaidi.

Wachache wenye piano ya nyuzi wana jambo la ziada la kuangalia. Mvua zetu hunyesha takribani kati ya Desemba na Aprili, kisha unafuata ukavu mrefu, na katika ukavu huo ubao wa sauti wa piano hupoteza unyevu, husinyaa, na nyuzi hupungua mkazo, hivyo sauti hushuka. Piano iliyotuniwa Februari isitarajiwe kulingana na kinanda cha umeme mwezi Septemba.

Na kama ni vibonye vichache tu ndivyo vinavyosumbua, ama havitoi sauti ama vinapayuka hata ukivigusa polepole, tatizo huenda ni vumbi. Chini ya kila kibonye cha kinanda kinachohisi nguvu ya mkono kuna migusano miwili, na kinanda hupima muda unaopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili ili kujua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Uchafu ukiingia hapo, kipimo hicho huvurugika. Mafundi wa vifaa vya umeme hukifungua na kukisafisha. Wewe kifunike kwa kitambaa kizito kila baada ya mazoezi, hasa katika miezi ya upepo.

Dalili: huwezi kujua wimbo uko ufunguo gani

Chanzo kinachoongoza ni kuitafuta sauti ya kwanza ya wimbo na kudhani kwamba ndiyo do. Nyimbo nyingi za kwaya huanza na so inayoingia kabla ya pigo zito, kisha hupanda kwenda do. Mtu akiipata G mwanzoni, huamua kwamba yuko ufunguo wa G, na kuanzia hapo kila kitu kinaenda vizuri isipokuwa kibonye kimoja kinachokataa kila mara: anapotarajia F ya cheusi, wimbo unataka F nyeupe. Kibonye hicho kimoja kinachokataa ndicho kinachokupa jibu. Skeli ya G na skeli ya C zinatofautiana kwa F peke yake. Ikiwa wimbo unaitaka F nyeupe, nyumbani kwake ni C, na G uliyoanza nayo ni so tu.

Njia nzuri zaidi ni kuizima rekodi katikati ya mstari na kuumalizia wimbo kwa mdomo hadi pale unapohisi umetua. Sauti uliyotua juu yake, itafute kwenye kinanda. Hata hivyo usiiamini soprano, yaani sauti ya kwanza ya kwaya, peke yake, kwa kuwa huweza kumalizia kwenye mi au so. Ithibitishe kwa besi, yaani sauti ya chini kabisa, ambayo karibu kila mara humalizia kwenye do. Kuna mtego mmoja hapa: ufunguo wa C meja (unaotua kwenye do) na ule wa A maina (unaotua kwenye la) hutumia vibonye vyeupe vilevile, kwa hiyo kuhesabu vibonye vyeusi hakutakuambia uko wapi kati ya hivyo viwili. Besi itakuambia. Ikitua A, na wimbo wenyewe ukawa na uzito wa huzuni, jipange kwa A maina.

Iwapo ulikuwa na uhakika na ufunguo, kisha ghafla karibu na mwisho kila kitu kikakukataa, wala hujapotea. Waimbaji wa sifa hupenda kupandisha wimbo kwa nusu toni au toni nzima kwenye kiitikio cha mwisho. Tafuta do mpya, usianze upya.

Dalili: mkono wa kulia uko sawa, wa kushoto unaharibu

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa zaidi, na ndilo linalostahili muda mrefu zaidi. Mwanafunzi ameupata wimbo wote kwa mkono wa kulia, kisha anaweka kodi, yaani zile sauti tatu zinazobonyezwa pamoja, na wimbo unaharibika.

Chanzo cha kawaida ni kuchagua kodi kwa kuifuata sauti ya wimbo: wimbo ukiwa G, anaweka kodi ya G. Lakini kila sauti ya skeli inapatikana ndani ya kodi tatu za ufunguo huohuo. G imo kwenye kodi ya C, ambayo ni C, E, G. Imo kwenye E maina, ambayo ni E, G, B. Na imo kwenye kodi ya G yenyewe, ambayo ni G, B, D. Kwa hiyo sauti ya wimbo inakupunguzia machaguo, lakini haikuamulii. Anayeamua ni besi. Mwanafunzi wangu mmoja wa Ipagala alikuwa akibonyeza kodi ya G kila alipofika mwisho wa mstari, kwa sababu soprano ilikuwa imesimama kwenye G. Nilimwomba aondoe mkono wa kulia kabisa, aiimbe so hiyo mwenyewe na kuishikilia, kisha abonyeze sauti moja tu chini: kwanza G, halafu E, halafu C. Alipofika C alibaki hapohapo na kuuanza mstari unaofuata. Sikuwa nimemwambia lolote.

Fanya zoezi hilo kwa kila mahali panapokusumbua: shikilia sauti ya wimbo kwa mdomo, jaribu besi tatu zinazowezekana, chagua ile inayokufanya uendelee bila kusita. Ukishaipata besi, kodi inajijenga yenyewe mara nyingi. Mara nyingi, si zote, kwa sababu besi inaweza kukaa kwenye sauti ya katikati ya kodi. Besi ikiwa E lakini E maina inasikika kavu, jaribu kodi ya C huku E ikibaki chini.

Sasa, wapo wanaosema kwamba besi hawaisikii kabisa, na hapa naomba uitazame simu yako. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini ipasavyo. Uzi mzito wa gitaa la besi hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde, na sauti ya chini kiasi hicho haitoki kwenye spika yenye ukubwa wa ukucha. Unachosikia ni sauti za juu zinazoambatana na besi hiyo, hafifu, zinazofunikwa na ngoma na waimbaji. Vaa spika za masikioni, hata zile za bei ndogo, au unganisha simu na spika kubwa, na huenda tatizo likaisha hapohapo. Kama wimbo unakwenda kasi, punguza mwendo: YouTube ina sehemu ya kupunguza mwendo hadi nusu bila kubadilisha ufunguo. Na kama una kwaya karibu, hakuna shule nzuri zaidi ya kukaa jioni ya mazoezi upande wa wanaume wanaoimba sauti ya nne, ukaisikiliza sauti yao peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho wa wimbo.

Wale wanaoisikia besi lakini bado wanachanganya kodi huwa wanachanganya jozi zinazofanana. C na A maina zinashirikiana C na E. Tofauti yao ni kwamba moja ina G na nyingine ina A. F na D maina nazo zinashirikiana F na A. Usizitofautishe kwa kujiuliza ipi inapendeza, kwa maana zote zinapendeza. Imba ile sauti moja inayozitenganisha, usikilize kama imo ndani ya rekodi. Kwa kodi ya G, sauti ya kuitafuta ni ti, yaani B. Ti ina hamu kubwa ya kupanda kwenda do, na ukishaizoea hamu hiyo hutaichanganya tena kodi ya G na ya F.

Dalili: unapiga vizuri katika ufunguo mmoja tu

Wapo wanaopiga kila wimbo kwenye C, au kwenye vibonye vyeusi peke yake, na kuiachia transpozi kazi iliyobaki. Sina ugomvi na transpozi, inaokoa ibada. Lakini mwanafunzi wa namna hii akikutana na piano ya nyuzi, au na kinanda kilichoharibika kitufe hicho, anakuwa kama hajawahi kujifunza. Chanzo ni kwamba vidole vyake vimekariri maumbo, na akili yake haikuwahi kuzitaja hatua.

Tiba ni kuimba solfa huku ukipiga. Chukua wimbo mfupi unaoujua vizuri kwenye C, uupige huku ukitamka do, re, mi zake kwa sauti, hadi majina yatoke bila kufikiri. Kisha hamia F, ukitamka majina yaleyale. Mdomo haujabadilika, vidole ndivyo vinavyotafuta pa kukaa. Skeli ya F ina kibonye cheusi kimoja, kile cha B bemoli, yaani cheusi kilicho kushoto mwa B, na skeli ya G ina kimoja, kile cha F ya cheusi, kwa hiyo anza na hizo mbili. Zikishatulia ongeza D na B bemoli, ndipo uende E bemoli na A bemoli, ambazo utazikuta sana kwenye nyimbo za kwaya. Usijaribu funguo zote 12 kwa pamoja. Ninaona wanafunzi wakizipitia zote kila siku kwa haraka, na baada ya miezi hakuna hata mmoja wanaoumiliki.

Dalili: nyumbani unaweza, kwenye ibada unapotea

Mara nyingi sababu ni kwamba uliujifunza wimbo kama mfululizo wa vibonye, hukuujifunza kama sehemu zenye majina: utangulizi, ubeti, kiitikio, daraja. Kiongozi wa sifa akirudia kiitikio mara ya tatu bila taarifa, huna pa kuingilia. Fanya mazoezi ya kuanzia katikati, kwenye kiitikio, kwenye mstari wa mwisho wa ubeti. Hakikisha pia kwamba unaisikia sauti yako mwenyewe ukumbini. Spika zikielekezwa kwa waumini peke yao, hata mpigaji mzoefu hupapasa.

Dalili: wimbo wa Kigogo haukubali kodi zako

Huku kwetu tatizo hili haliepukiki, na nalipenda kuliko yote. Kijana anasikiliza rekodi za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, au amehudhuria tamasha la muziki wa Kigogo pale Chamwino, au anataka kupigia kinanda wimbo wa kwaya uliotungwa kwa mahadhi ya nyumbani. Anaipata do, anaweka kodi za C, F na G kama alivyozoea, na wimbo unazikataa zote mbili za mwisho. Aidha, kuna sauti moja ambayo hapati kibonye chake kabisa.

Skeli ya sauti tano inayosikika sana katika uimbaji wa Kigogo inafuata mfululizo wa sauti asilia, zile zinazojitokeza zenyewe ndani ya mtetemo wa uzi mmoja. Ukianzia C, inakupa C, D, E, G na sauti iliyo karibu na B bemoli. Angalia kisichokuwemo: hakuna F, hakuna A, hakuna B nyeupe. Kodi ya F inahitaji F na A. Kodi ya G inahitaji B. Ndiyo maana zinakataliwa, na zitakataliwa hata zikipigwa na bingwa. Ile sauti ya karibu na B bemoli, ambayo ni ya saba katika mfululizo huo, iko chini ya kibonye chake kwa takribani senti 31, ambapo nusu toni nzima ni senti 100. E nayo iko chini kwa takribani senti 14. Kwa hiyo kijana anayesema kwamba kibonye hakipo anasema kweli tupu.

Acha kodi za sauti tatu kwa muda. Sauti ya pili katika uimbaji huu mara nyingi hutembea kwa kuruka hatua moja ya skeli hiyohiyo: C na E, D na G, E na B bemoli, G na C ya juu. Piga jozi hizo, mkono wa kushoto ukishikilia C peke yake au C na G, na utasikia wimbo ukitulia. Ile jozi ya E na B bemoli, ambayo kwa aliyelelewa na vitabu vya tenzi husikika kama kosa, usiirekebishe. Ndiyo inayoupa uimbaji wa Wagogo ladha yake. Kisha, kama kinanda chako kina sehemu ya kurekebisha kila sauti ya skeli peke yake, ishushe B bemoli kwa senti 31 na E kwa senti 14, uimbe juu yake pamoja na mtu aliyezaliwa na nyimbo hizo, na umwachie yeye aseme kama imefika mahali pake. Kama kinanda hakina sehemu hiyo, iache B bemoli kwa waimbaji, na wewe usiibonyeze.